Andiko moja, vyumba vitatu: Oxford, Nairobi au NEUDC?

Ikifika Septemba ujumbe huanza kuingia kwenye simu. "Dokta, shikamoo. Nina andiko, sasa nilipeleke kongamano gani?" Anayeuliza huwa ni mwanafunzi wa uzamivu au mhadhiri msaidizi. Ana andiko moja mkononi, na fungu la idara, likipatikana, linatosha safari moja. Jibu linalozunguka koridoni ni lile lile: peleka Oxford, kuna jina. Mimi sijibu hivyo, na sababu ni andiko langu mwenyewe lililopita vyumba vitatu, yaani makongamano matatu ya wachumi: AERC ya Nairobi, CSAE ya Oxford na NEUDC ya Marekani, na kila kimoja kikalitendea kivyake.

Andiko lenyewe lilihusu tozo ya miamala ya pesa kwa simu iliyoanza Tanzania Julai 2021. Mlipaji aliumia, lakini mtafiti alipata bahati. Utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) unaorudi kwenye kaya zilezile tangu 2008/09 ulikuwa uwandani wakati huohuo: awamu ya 2020/21 ilianza kabla ya tozo na ikamalizika baada yake. Kaya nyingine zilihojiwa kabla, nyingine baada. Linganisha makundi hayo mawili, useme tozo ilifanya nini kwa pesa ambazo ndugu hutumiana. Ndivyo tulivyofikiri mimi na mwenzangu anayesoma Marekani. Tulijiona tumeokota dhahabu barabarani.

Nairobi: chumba kinachouliza unapima nini

Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, AERC, ulianzishwa Nairobi mwaka 1988. Warsha yake ya utafiti hufanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na kuelekea mwisho wa mwaka, mara nyingi Nairobi ingawa imewahi kuhamia kwingine, Arusha ikiwemo. Niseme mapema kwamba hii si ya chuoni. Ni ya hoteli, na tofauti hiyo nitairudia.

Kinachoitofautisha ni kwamba huendi kuonyesha kazi iliyokwisha. Unaanza na pendekezo la utafiti. Likipita, unarudi baadaye na kazi iliyo njiani, kisha unarudi tena na ripoti ya mwisho. Kila mara unaingia kwenye kundi la mada yako, kama ni umaskini na ajira, uchumi mkuu, fedha, au biashara, na mezani wamekaa wataalamu waliolisoma andiko lako kabla hujafika. Baadhi yao watakuwepo utakaporudi. Wanakumbuka ulichoahidi.

Nilifika na slaidi 28. Sikuvuka ya sita. Profesa mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya upole kabisa, aliniuliza: "Kijana wangu, kaya ulizohoji baada ya Julai si ndizo zimetoka kuvuna? Sasa hapa unapima tozo au unapima mavuno?"

Kimya. Sehemu kubwa ya nchi huvuna kati ya Mei na Julai. Kaya iliyotoka kuvuna haihitaji pesa ya mjomba kwa simu. Ina gunia ndani. Kwa hiyo kushuka kwa miamala tulikokuona kungeweza kuwepo hata kama Bunge lisingepitisha tozo yoyote. Ilinichukua miezi mitano kujibu swali hilo, kwa kurudi kwenye awamu zilizotangulia za utafiti huohuo na kutazama miezi hiyohiyo ilikwendaje miaka isiyo na tozo. Matokeo yalipungua karibu nusu. Lakini yaliyobaki yalikuwa yetu.

Hiyo ndiyo bidhaa ya Nairobi. Inauma, na ni ya bei nafuu. Kwa desturi, ambaye pendekezo lake limekubaliwa katika mpango wa utafiti hugharimiwa safari na malazi. Mtanzania haombi viza ya Kenya. Ukikosa ndege, kuna basi linalopita Arusha na Namanga. Utachoka, lakini ukifika utakuwa bado na akiba mfukoni. Mtumishi wa umma asisahau tu kibali cha kusafiri nje. Nairobi ni nje, hata kama shangazi yako anakaa Kasarani.

Watu hudhani Nairobi ni daraja la chini na Oxford ni daraja la juu. Si kweli. Waliojenga utaratibu huu ni watu waliolelewa na mabishano makali. Benno Ndulu, aliyekuja kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018, alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa AERC kabla ya hapo, na kabla ya yote alikuwa mwalimu wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya 1980, nchi ilipokuwa haina sabuni wala sukari madukani na Mwalimu Nyerere akivutana na Shirika la Fedha la Kimataifa, idara ya uchumi ya Mlimani iliandaa warsha za sera ambamo kina Lipumba, Wangwe, Msambichaka na wenzao walibishana hadharani kuhusu kushusha thamani ya shilingi. Ukifumuliwa Nairobi, unaonja mwendelezo wa chumba kile.

Tena mada kuu zinazoandikwa kwa ajili ya kikao cha pamoja cha AERC zimekuwa zikichapishwa katika toleo la nyongeza la jarida la uchumi wa Afrika linalohaririwa Oxford. Vyumba hivi viwili vina mlango wa ndani.

Oxford: chumba kinachojua Karagwe iko wapi

Kituo cha Utafiti wa Uchumi wa Afrika cha Chuo Kikuu cha Oxford, CSAE, huandaa kongamano lake kila Machi, kwa miaka mingi katika Chuo cha St Catherine's. Siku tatu, vikao sambamba asubuhi hadi jioni, kila mtoa mada na dakika zake ishirini hivi.

Hapa ndipo suala la chuo na hoteli linapoingia. Kwa nini Machi? Kwa sababu ya vitanda. Muhula wa pili wa Oxford, wanaouita Hilary, una wiki nane na huisha katikati ya Machi. Wanafunzi wakifunga mabegi, vyumba vyao vinabaki wazi, bwalo linabaki na wapishi, na madarasa hayana mtu. Wachumi wanaingia. Unalala kwenye kitanda cha mwanafunzi, chembamba, chini ya ubao wenye alama za pini za ratiba yake. Asubuhi unashuka bwaloni, unachukua trei, unakaa popote penye nafasi kwenye meza ndefu. Dakika tano baadaye uko darasani.

Ukitaka majengo ya kale yenye majani yanayotambaa ukutani, utavunjika moyo kidogo. St Catherine's ni zege na vioo. Kilianzishwa 1962 na kilichorwa na Mdenmark Arne Jacobsen, ambaye hakuishia kwenye kuta. Alichora mpaka viti. Mimi nimekipenda. Kina unyoofu fulani.

Faida ya kulala hapohapo ni kwamba hakuna anayetoroka. Hotelini kila mtu akimaliza kikao hupanda lifti. Hapa mtu uliyemsoma tangu shahada ya kwanza yuko mbele yako kwenye foleni ya mayai. Nilizungumza kuhusu tozo kwa dakika arobaini na mama mmoja wa makamo tukila uji wa shayiri, na tulipoagana ndipo nikasoma beji yake. Ningeisoma mapema nisingefungua mdomo.

Chumba chenyewe cha kuwasilishia kilikuwa na watu kumi na wanane. Nao walikuwa watu wasiohitaji kuelezwa Tanzania. Hilo si jambo dogo. Paul Collier, aliyeongoza kituo hicho kwa miaka mingi, alifanya utafiti wa vijiji vya Tanzania miaka ya 1980 pamoja na Samuel Wangwe. Stefan Dercon ni mmoja wa watafiti waliofuatilia watu wa Kagera: kaya zaidi ya 900 zilihojiwa kati ya 1991 na 1994, wakati ukimwi ukiumaliza mkoa, kisha watu walewale wakatafutwa 2004, hata waliokuwa wamehamia Mwanza, Dar na Uganda. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba waliohama kijiji chao walipata ongezeko la matumizi lililozidi la waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Ukisema Karagwe, wilaya ya Kagera, mbele ya watu wa namna hii, hakuna anayekuuliza iko wapi. Dakika ishirini zako zote ni za hoja.

Sikuulizwa swali lililobomoa. Nilipewa jirani wa kujilinganisha naye: Uganda, ambako kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu ilianza Julai 2018, ikaja kubaki asilimia 0.5 kwenye kutoa pesa tu. Aliyenieleza alikuwa na data, na wiki ile ile tukaanza kuandikiana. Andiko likapata sura ya nchi mbili. Oxford haikulirekebisha, ililikuza.

Na hapo ndipo onyo langu. Ningelipeleka Oxford kwanza, kabla ya Nairobi, wangenipigia makofi yale yale ya adabu, mtu mmoja angesema "inavutia sana", ambayo kwa Kiingereza cha pale ina maana nyingi, na mavuno yangebaki yamejificha ndani ya matokeo mpaka mhakiki wa jarida ayakute. Dakika ishirini hazitoshi kufumua andiko. Zinatosha kulitangaza.

Sasa gharama. Viza ya mgeni ya Uingereza inaruhusu kuhudhuria kongamano na kutoa mada. Aprili 2025 ada yake ilipandishwa hadi pauni 127 kwa miezi sita. Huwezi kuomba zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na majibu huchukua wiki tatu hivi mambo yakienda sawa. Nyaraka zisizo za Kiingereza zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na hapa wengi hujikwaa: barua ya kijiji ya umiliki wa shamba, hati ya ndoa ya msikitini, vyote vinahitaji tafsiri kama unavitumia kuonyesha kwamba una cha kurudia nyumbani. Kwa kongamano la mwisho wa Machi, Januari ndiyo mwezi wa kupeleka maombi. Mwenzangu mmoja alipeleka zikiwa zimebaki wiki mbili kwa sababu alikuwa anangoja barua ya fedha. Alipata pasipoti yake wenzake wakiwa wamesharudi. Kisha tiketi, kisha basi la kutoka Heathrow, kisha ada ya kushiriki na chumba. Ukiwa na fungu moja kwa mwaka, hili ndilo litakalolimaliza.

Waislamu wajue jambo moja: Ramadhani ya 2024 na ya 2025 iliangukia Machi. Kwa bahati jua la Oxford mwezi huo huzama saa kumi na mbili na kitu jioni, na chakula cha jioni bwaloni huja baadaye, kwa hiyo unafuturu kwa tende chumbani na kushuka na wenzako. Kinachosumbua ni mapumziko ya kahawa. Mambo mengi ya kongamano hufanyika kikombe kikiwa mkononi, na aliyefunga hujikuta amejitenga bila kukusudia. Rafiki yangu wa Unguja alikuwa akishika kikombe kitupu.

Na kwa msafiri wa Dar kuna faraja ndogo: plagi ni zile zile za pini tatu. Chaji yako inaingia ukutani bila adapta.

NEUDC: kwa aliyeko huko tayari

Hapa nitakuwa mfupi. NEUDC ni kongamano la uchumi wa maendeleo la vyuo vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, na halina nyumba moja. Linazunguka: Cornell 2018, Yale 2022, Harvard 2023. Mwaka 2019 lilikuwa Northwestern, kando ya Ziwa Michigan, ambako ukitazama ramani si kaskazini-mashariki kwa hesabu yoyote, lakini wachumi hawajawahi kuzuiwa na ramani.

Hufanyika mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, muhula ukiwa umepamba moto. Ndiyo maana ni Jumamosi na Jumapili tu: madarasa yako wazi siku hizo mbili, vitanda haviko wazi hata kimoja. Utalala hoteli ya mji mdogo wa chuo, bei ikiwa juu, au kwenye kochi la mwanafunzi mwenzako. Wenyeji hushikamana na wenyeji. Ni chuoni, ndiyo, lakini meza ndefu ya St Catherine's haipo.

Mwenzangu ndiye aliyewasilisha, maana alikuwa umbali wa saa chache kwa basi. Swali aliloulizwa lilikuwa la aina ya tatu: je, kaya zilipunguza kutumiana pesa, au zilibadilisha njia na kumpa kondakta wa basi bahasha? Kwa maneno mengine, nini hasa kinachosukuma haya, na kwa nini mtu wa nchi nyingine ajali? Lilikuwa swali zuri, na sehemu ya majadiliano ya andiko letu imesimama juu yake. Lakini alitumia dakika sita za mwanzo kueleza tozo ni nini na kwa nini watu wa Tanzania hawaendi benki.

Kwa anayeomba viza kutokea Dar, sishauri. Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya mgeni anaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, na masharti yakakazwa zaidi kabla ya mwaka kwisha. Kwa Mtanzania au Mkenya anayesoma uzamivu huko, mambo ni kinyume kabisa: nenda, ni wikendi moja, na vikao vimejaa watu watakaokaa kwenye kamati za ajira. Ila usichanganye na lile kongamano kubwa la Januari la wachumi wa Marekani, la hotelini, lenye maelfu ya watu. Pale mwenye andiko moja hupotea kama sarafu kwenye mchanga wa ufukwe wa Coco.

Basi nani aende wapi

Kama ulichonacho ni swali na data ambayo bado hujaichambua vizuri, Nairobi. Sina mjadala. Hata kama umebahatika kupata fedha za Oxford, omba uzitumie mwaka unaofuata.

Kama andiko limeshafumuliwa na kushonwa, matokeo yamesimama, na unachokosa ni wasomaji au mshirika mwenye data ya nchi jirani, basi Oxford, na ulale hapohapo chuoni. Kuna wanaotafuta chumba cha bei nafuu nje ya mji ili kuokoa pauni chache. Wanaokoa pauni na kupoteza kifungua kinywa, na kifungua kinywa ndicho nusu ya kongamano.

Kama uko katikati, andiko limekamilika lakini hujawahi kuulizwa swali la kukukosesha usingizi, anza na semina ya idara yako. Waombe wenzako wakufumue bila huruma Alhamisi moja mchana, uwanunulie soda. Semina ya namna hiyo ingenionyesha mavuno mapema. Nilikuwa sijaifanya, kwa sababu niliona aibu kuonyesha kazi mbichi mbele ya watu ninaokutana nao kila siku kantini.

Kuna wanaonipinga, na wana hoja. Mmoja aliniambia: "Dokta, mwenye barua ya Oxford anapandishwa cheo, mwenye barua ya Nairobi anaambiwa ajaribu tena." Sijui kama ni hivyo katika kila chuo, ila nimeona kinachopimwa mwishoni ni chapisho, na chapisho letu lilipita kwa mhakiki ambaye swali lake la kwanza, amini usiamini, lilikuwa kuhusu msimu wa mavuno. Jibu lilikuwa tayari kwenye jedwali la nne.

Mwaka huu nina wazo jipya kuhusu bei ya mahindi na vizuizi vya kuuza nje. Ni kurasa nne na jedwali moja ambalo siliamini. Mwenzangu anataka tulipeleke Oxford. Nimemwambia litapanda basi la Namanga kwanza.